Nkambo Wako Si Artiste Inconnu

Mimi ni wa Kenya. Tulia kwanza, si ile ya Nairobi. Kenya ya Lubumbashi, komini, pale jirani na Kamalondo na Katuba, soko inaamka kabla ya jua na bafle zinalala baada ya jogoo. Nairobi nilikaa miaka minne, mtaa wa Kayole, nikarudi na Sheng mdomoni. Kindubile nilizaliwa nayo. Nikichanganya, usinishike shati. Wewe ni wa base, utanisoma tu.

Sasa sikiza form. Simu imeisha. Ya kupiga bado iko, ya kucheza ngoma ndiyo imeisha. Msee mwenye amechanuka saa hii ako na pleya. Kitu kadogo, inaingia mfuko wa shati, haina laini, haina WhatsApp, hakuna mtu wa kukuitisha deni sebene ikiwa imeshika moto. Unabonyeza, inapiga. Basi. Courant ikatike jioni irudi kesho, na Lubumbashi unajua vile courant hukatika, pleya bado inasukuma. Mega? Zii. Faili iko ndani, ni yako, hakuna msee atakuja kukushow abonema imeisha.

Na waya zimerudi, manze. Earphone za waya ndiyo luku. Zile za bila waya za soko, moja inaanguka kwa mtaro pale Kenya, unabaki na sikio moja na hasira mbili. Mwenye anainama mtaroni na tochi ya simu akisaka kitu ya ukubwa wa dengu, huyo amechoma picha mtaa mzima. Waya haianguki. Waya ni shaba, na shaba ni ya kwetu.

Hata bateri. Lithium yenye iko ndani ya pleya na simu, Sony waliianza kuuza 1991, na ile ya kwanza ilikuwa na kobalti ndani. Leo zaidi ya nusu ya kobalti yote dunia nzima inachimbwa Kongo, na inatoka hapa, kwa mkanda wa Haut-Katanga na Lualaba. Kwa hivyo ukiona msee wa Paris na pleya yake, mwambie asalimie Kolwezi. Sisi tunatoa jiwe, linaenda, linarudi likiwa na kioo na bei ya wazimu. Shika hiyo stori ya jiwe, nitairudia.

Bei. iPod ya kwanza ilitangazwa Oktoba 2001, gigabaiti 5, dola 399. Dola 399! Hiyo ni keja, ni unga wa bukari, ni sombe, na bado chenji ya Simba baridi inabaki. Mei 2022 Apple wakatangaza iPod basi, na tangu zizimwe mayut wanazisaka kama watu wa malachiti. Mimi nakushow: hiyo ganji usitoe. Pleya ya kawaida ya Mchina inatosha, bora ikubali memori kadi, ifungue faili za FLAC, na tundu ya earphone isicheze cheze kama meno ya babu. Wakorea wa Saehan walitoa pleya ya MPMan 1998 na megabaiti 32, nusu saa hivi ya muziki, halafu unarudia kama kasuku. Leo kadi ya gigabaiti 32, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, inabeba MP3 safi za kilobiti 192 kwa saa karibu 370. Ni kaseti 370 za C60 kwa ukucha mmoja. Piga picha hizo kaseti zikiwa zimepangwa, zinajaza kabati la mama.

Lakini sijakuitia vifaa. Vifaa ni ganda. Nimekuitia ile kitu iko ndani.

Fungua pleya ya msee yeyote hapa mtaani, enda pale kwa wasanii. Nani ako juu? Nani ako na albamu mingi kushinda Fally na Koffi wakiwekwa pamoja? Artiste inconnu, yaani msanii hajulikani. Huyo ndiye msanii mkubwa wa Katanga. Ameimba rumba, ameimba kwaya, amepiga gitaa ya Kibemba, amehubiri, amelia matanga. Kila kitu ni yake. Nyimbo zake zinaitwa Piste 01, Piste 02, AUD na namba refu za WhatsApp. Kijana wa kutia nyimbo kwa kadi pale sokoni anakumwagia mia tano kwa mara moja, na nusu ni za huyo msee. Hiyo ni aibu. Uko na ngoma imekubamba mpaka machozi, dem anakuuliza nani anaimba, unajibu "Piste 07".

Nilichoka naye Artiste inconnu. Nikaamua kumsaka.

Nikaanzia nyumbani. Juu ya friji ya Baba Mukubwa kuna kartoni. Imekaa hapo tangu nikiwa na kamasi. Ndani kaseti, kama arubaini na kitu, na santuri kadhaa zimelala bila mifuko, zinakwaruzana usiku na mchana. Kwa nini juu ya friji? Eti "pale hakuna mutoto anafika". Angalia hiyo akili. Friji inatoa joto nyuma, bafle yake kubwa imesimamishwa pembeni na sumaku yake ya kilo, kiangazi vumbi jekundu linaingia, masika unyevu unaingia. Kanda ya kaseti ni plastiki nyembamba imepakwa unga wa sumaku. Joto linaikunja, ukungu unaila, sumaku kubwa inaifuta. Mzee amechukua kila adui wa kaseti, akawaweka chumba kimoja, akafunga mlango. Halafu anasema anatunza.

Nikamuambia, Baba Mukubwa, nipe hizi kaseti nitie kwa pleya. Akacheka mpaka akakohoa. Akashika pleya kwa vidole viwili kama panya mfu, akaniambia: "Ile haina muziki."

Weka alama hapo. Msee wa Nairobi akisikia "haina muziki", atadhani muziki haumo ndani. Kiswahili ya Katanga ni tofauti: "haina" ni "si". Mzee alimaanisha, hicho kitu si muziki. Na alisema kila siku. Nikiweka rumba: ile haina muziki. Nikiweka amapiano: ile haina muziki, ile ni kompresa ya gereji. Nikiweka ngoma yake mwenyewe, ileile ya kaseti yake, kwa earphone: ile haina muziki, "mashini inakata mutima ya wimbo". Wazee na stori za jaba. Eti CD inakausha sauti. Eti fleshi inaleta kirusi kwa mtu. Eti muziki ya kweli lazima isikike na mvua ndani yake. Ile mvua ni kichwa ya radiokaseti imejaa uchafu tangu enzi za Zaire, mzee.

Nikaenda mjini, kwa studio moja, jina nakaa nalo. Waliniitisha dola tano kwa kaseti moja. Kaseti arubaini, hesabu mwenyewe. Nikawapa moja ya majaribio. Wiki mbili. Nikapata faili imebanwa mpaka sauti inatoka kama imemezwa na ndoo, na kila dakika chache kuna jamaa anapaza jina la studio juu ya ngoma. Juu ya gitaa! Hiyo kwangu ni sawa na kuandika namba ya simu kwa paji la uso la nkambo, yaani babu yako. Nikaapa nitafanya mwenyewe, kejani, kwa mikono hii.

Kabla nikuonyeshe vile nilifanya, lazima ujue kwa nini moto uliniwaka. Kwa kartoni kulikuwa na santuri moja ya zamani, nzito, ile ya kuvunjika kama sahani. Mwenda Jean Bosco. Mwenda wa Bayeke.

Wewe wa base unamjua kwa jina tu. Acha nikuchanue. 1952, Jadotville, yaani Likasi yetu hii, mzungu mmoja Hugh Tracey alikuwa anazunguka na mashine ya kurekodi kutoka Afrika Kusini. Akamkuta kijana wa miaka ishirini na kitu barabarani na gitaa. Kijana anapiga vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini unasikia magitaa mawili. Tracey akamrekodi. Ngoma moja yake, "Masanga", ikaenda kwa santuri za Gallotone, ikazunguka Afrika Mashariki yote, na mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanakaa wakivunja vidole kuijifunza. Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 Mwenda alikuwa Nairobi, na kipindi chake cha redio. Binamu yake Edouard Masengo naye alienda. Vijana wa Kenya ile nyingine walijifunza gitaa kwa kumskiza msee wa Katanga. Kwa hivyo mimi kurudi na Sheng kutoka Kayole, hiyo ni barabara ya zamani, tulilipia nauli mapema. 1969 Mwenda alipiga Newport, Marekani, tamasha kubwa ya folk. Akafa 1990.

Haya, sauti zake za kwanza ziko wapi? Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika mwaka 1954, ILAM, na leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Kanda ziko huko, kwa baridi, zimepangwa, zina tarehe. Nyingine za watu wetu ziko Tervuren, Ubelgiji. CD nzuri ya gitaa za zamani za Katanga na Zambia ilitolewa na lebo ya SWP ya Uholanzi. Nawapa heshima hao watu, bila wao tungekuwa tunabahatisha. Lakini unaona ile stori ya jiwe? Shaba ilitoka, ikarudi waya. Kobalti ilitoka, ikarudi bateri. Gitaa ya Likasi ilitoka, ikarudi CD ya bei. Na ile kopi yenye ilibaki hapa nyumbani, mzee ameiweka juu ya friji.

Hiyo ndiyo iliniuma ndani.

Na hata maneno, si gitaa tu. Mufwankolo unamjua, mchekeshaji wa mji huu, yeye na kundi lake na Kiswahili chetu chenyewe, kile cha soko. 1986 Johannes Fabian, mtu wa anthropolojia, alikuja akarekodi mazoezi yao na igizo lao, na kitabu kikatoka 1990. Kiswahili ya Lubumbashi, maneno ya mtaa, yamekaa kwa maandishi mpaka kicheko. Kwa sababu mtu alibonyeza kitufe chekundu. Ni hivyo tu.

Sasa kazi. Kaa chini.

Kitu ya kwanza ni radiokaseti yenye haili kanda. Ijaribu na kaseti ya takataka, mahubiri ya mtu usiyemjua, chochote. Ikikula hiyo, shukuru Mungu, tafuta nyingine. Halafu fungua mlango, uone kile kichwa kadogo cha chuma na ile gurudumu ya mpira. Pamba, alkoli ya dawa kutoka farmasi, pangusa polepole mpaka pamba itoke nyeupe. Ya kwangu ilitoka kahawia mara sita. Mara ya saba nikacheza kaseti ileile, na ile "mvua" ya Baba Mukubwa ikanyamaza. Matoazi yakatokea. Kumbe kulikuwa na matoazi! Miaka thelathini mzee anacheza hiyo ngoma na hajui kuna matoazi.

Angalia juu ya kaseti, kuna vile vijino viwili. Vunja. Vikivunjika hakuna mtu atarekodi juu yake kwa bahati mbaya, na watoto wa shangazi wako wanapenda sana kubonyeza chekundu. Kisha chukua Bic, ile ya pembe sita, tia kwa tundu, zungusha, kaza kanda pale imelegea. Peleka mbele mpaka mwisho, rudisha mpaka mwanzo, mara moja, ndiyo sasa ucheze. Ganda likiwa limepasuka, tafuta kaseti nyingine ya skrubu, fungua zote mbili juu ya meza safi, hamisha zile roda mbili na kanda yake, funga. Upasuaji. Mikono ikae imeoshwa, na feni izimwe.

Courant nayo. Hapa nikupe siri ya Lubumbashi yenye hata studio za mjini hazina. Usichomeke radiokaseti ukutani. Tia mapile. Ukutani unapata ule mngurumo wa chini, mmmmm, unaingia kwa ngoma na hautoki. Kwa mapile, kimya. Laptopu nayo itoe chaja, iende na bateri yake. Sasa courant ikatike vile inataka, wewe unaendelea, na sauti yako ni safi kuliko ya msee mwenye ako na jenereta. Delestage imetufundisha kitu.

Waya inatoka tundu ya earphone ya radiokaseti inaingia kompyuta. Lakini si kwa tundu ya maikrofoni, tafadhali. Ile inanyanyua sauti kupita kiasi na mara nyingi inabana pande mbili kuwa moja. Nunua kadi ya sauti ya USB, ile ya kawaida yenye ina mlango wa laini, hiyo ndiyo ganji ya maana utatoa kwa hii kazi yote. Programu ni Audacity, ni ya bure tangu 2000, usidanganywe na msee wa cyber akuuzie. Weka hertz 44,100, biti 16. Halafu sauti: cheza pahali ngoma ina kelele zaidi, shusha mpaka mishale isiguse nyekundu, acha nafasi juu. Kwa kaseti, ukizidisha kidogo, inavumilia. Kwa dijitali ikigusa dari imekatwa, na hakuna mtaalamu wa dunia hii atairudisha.

Kisha unangoja. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60. Hakuna mchepuko. Hii ndiyo inakimbiza mayut wengi, wamezoea kila kitu kwa sekunde tatu. Mimi nilikuwa nakaa pale na mapile yangu na kikombe cha chai, naskiza. Na nilijua ngoma kushinda vile nimewahi kujua ngoma, kwa sababu hakuna kitufe cha kuruka.

Weka ile faili kubwa kwanza. WAV ya saa moja inakula karibu megabaiti 635. FLAC ni sauti ileile bila kupoteza kitu, kwa nusu ya nafasi hivi. Hiyo ndiyo mama. Kutoka kwa mama unazaa MP3 ya pleya. Msee mwenye anarekodi moja kwa moja kwa MP3 ndogo halafu anatupa kaseti, huyo ameuza ng'ombe akabaki na picha ya ng'ombe. Ile teknolojia ya MP3, Wajerumani wa Fraunhofer waliitengeneza kwa kutupa sauti zenye sikio halizishiki vizuri. Inafaa kwa mfuko. Kwa hifadhi, zii.

Na usisafishe kupita kiasi! Audacity inaweza kutoa kelele, unaionyesha kipande cha kimya, inajifunza, inafuta. Tumia kidogo. Nimeona msee amefuta kelele mpaka mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya birika. Kaseti ya harusi ya shangazi yangu ina kuku nyuma. Kuku abaki. Alikuwa mgeni kama wengine.

Santuri nilipeleka kwa rafiki mwenye gramafoni. Zile za zamani nzito zinazunguka mara 78 kwa dakika, na mfereji wake ni mpana, unataka sindano pana. Sindano ya santuri za kawaida inazama chini inakwangua uchafu. Na kama mashine haina 78, rekodi kwa 45, halafu ndani ya Audacity ongeza mwendo, programu inajua hesabu yenyewe. Mwenda akatoka pale, vidole viwili, magitaa mawili. Rafiki yangu ni mtu wa drill, hoodie na mawani usiku. Alikaa kimya dakika tatu nzima. Halafu akasema, "Rudisha." Tukarudisha mpaka saa nne.

Ukidhani ngoma ya zamani haiwezi kuwa trendi, uliza Nairobi. "Kasongo" ya Orchestra Super Mazembe, ya miaka ya 1970. Mwisho wa 2024 Wakenya wakaifufua, TikTok ikawaka, kila nganya inaipiga, watoto waliozaliwa juzi wanaimba na hawajui neno moja la Lingala. Hata mkubwa wao wa nchi alibandikwa hilo jina. Ingekuwa haijahifadhiwa na mtu, wangefufua nini?

Kaseti ya kumi na tisa kwa kartoni ilikuwa imeandikwa "Franco". Upande A, kweli, Franco na OK Jazz, imerekodiwa kutoka redio, mtangazaji amekatwa katikati. Upande B nilitaka kuruka. Nikaacha mapile yafanye kazi.

Kimya. Kiti kinaburutwa. Mwanaume anakohoa, halafu anaanza kuongea, polepole, kama mtu anaandika. Anamsalimia ndugu yake wa Kolwezi. Anamuambia mshahara wa Gécamines umechelewa tena, lakini watoto wamekula. Anataja watoto kwa majina, mmoja mmoja, mpaka yule mwenye alikuwa na surua. Nyuma mama anapiga kelele amwambie shemeji atume chumvi na kitambaa. Dakika kumi na moja. Ilikuwa kaseti ya barua, zamani watu walitumiana hivyo, unaongea, unampa msee wa treni. Hii haikutumwa. Ikabaki juu ya friji.

Nkambo wangu. Alikufa kabla sijazaliwa. Sura nilikuwa nayo kwa picha, sauti sikuwahi.

Nilikata ile sehemu, nikaiweka kwa pleya, nikamtafuta Baba Mukubwa uani. Alikuwa na gazeti. Nikamvalisha earphone bila kusema kitu, na alianza kulalamika kabla hata haijapiga, "Weye mutoto, nilishakuambia, ile haina..."

Akanyamaza. Gazeti likashuka. Akaskiza dakika zote kumi na moja, na pale pa mtoto mwenye surua akagusa kifua, kwa sababu ni yeye. Akavua earphone, akaishika kwa mikono miwili. Akasema, "Ile haina muziki. Ile ni papa."

Kuanzia siku hiyo kartoni imeshuka kutoka kwa friji. Iko chini ya kitanda changu, kwa sanduku la plastiki, mbali na bafle, kaseti zimesimamishwa kama vitabu. Bado anasema amapiano ni kompresa, na bado anaamini fleshi inaleta homa. Tumwache. Lakini kuna kitu moja mzee anaweza na mimi siwezi, na wewe huwezi: majina. Nikimchezea kaseti anajua huyu ni nani, huyu wa gitaa alikaa avenue gani Katuba, huyu mama wa kwaya alikuwa parokia gani, mwaka gani. Mimi naandika palepale kwa faili. Jina, pahali, mwaka, nani alikuwa na kaseti. Wiki tatu za jioni, na Artiste inconnu kwenye pleya yangu amepoteza albamu ishirini na sita.

Kopi za faili ziko tatu. Moja kwa kompyuta, moja kwa diski ya nje, moja kwa dada yangu Likasi, kwa sababu keja moja ikiungua zote zinaungua. Kaseti sijatupa hata moja.

Sasa wewe. Najua kwenu kuna kartoni. Iko juu ya friji, au kabatini nyuma ya sufuria za harusi, au kwa mjomba wa kule Ruashi mwenye anasema anaitunza. Hii Jumapili, kabla ya mpira, enda uichukue. Beba Bic na mapile mapya. Na mwenye anajua majina akiwa bado anaongea, kaa naye, umuulize nani huyu.

Ukikwama, nipate Kenya, nyuma ya soko, pale bafle haizimwi. Kadi ya sauti nitakuazima. Bure.